Siku Sajini Shaweji Alipotikisika

Katika nchi moja ambayo si hii yetu, na msomaji akiona inafanana na hii yetu basi kosa ni la macho yake, palikuwa na kikosi cha walinzi wa Mfalme kilichoitwa Wasiotikisika. Jina la nchi yenyewe sitalitaja, kwa kuwa kulitaja kunahitaji kibali, na ofisi ya vibali hufunguliwa Jumatano tu, na Jumatano katika nchi hiyo ni siku ya mapumziko.

Wasiotikisika walikuwa arobaini, na walikuwa fahari ya taifa. Walivaa kofia za ngozi ya chui nzito kama mtungi wa maji, na makoti ya sufu yaliyoagizwa kutoka nchi za theluji, ingawa pale kwao hata kivuli kilikuwa na joto. Mikuki yao haikuwa na ncha, maana wataalamu walishauri kwamba ncha ni hatari ikiwa karibu na Mfalme. Kazi yao ilikuwa moja: kusimama. Nzi akitua puani, mlinzi asimame. Jasho likiingia machoni, asimame. Mwaka wa ile njaa kubwa walinzi wawili walikufa wakiwa wamesimama vilevile, na jambo hilo halikujulikana mpaka siku ya tatu, walipoitwa kupokea nishani za ukakamavu wasiitikie.

Sajini Shaweji alikuwa mlinzi wa nguzo ya kushoto katika ukumbi wa enzi. Alikuwa ameisimamia nguzo hiyo miaka ishirini na miwili, na magoti yake yalikuwa yameshika kutu. Kila alfajiri mkewe, Mize, alimkanda kwa maji ya moto na mafuta ya nazi mpaka magoti yakakubali kukunjwa na mume akaweza kukaa kunywa chai. Watoto hawakujaaliwa. Ujanani Shaweji alitaka kuwa mwalimu, na mwandiko wake ulikuwa mzuri mno. Mwandiko huo ndio uliomponza.

Maana mwaka ule Kikosi kilikuwa kinatimiza miaka mia moja, na Mfalme Yakuti wa Pili akaamuru historia yake iandikwe, isomwe mbele ya mabalozi siku ya sherehe. Jemadari Ngwali, mkuu wa Kikosi, mtu mwenye nishani nyingi kifuani hata alitembea ameinama mbele, akamwita Shaweji ofisini.

"Shaweji, wewe una mwandiko."

"Ndiyo, Afande."

"Basi utaandika historia yetu. Kurasa mia moja, kila mwaka ukurasa wake. Andika ukweli mtupu."

"Ndiyo, Afande."

"Ukweli mtupu wenye sifa," Jemadari akaongeza. "Ukikutana na ule mwingine, uache palepale ulipoukuta."

Akapewa siku arobaini, ufunguo wa ghala lililo chini ya jiko la ikulu, na kiti. Kiti! Siku ya kwanza alikitazama kwa muda mrefu kabla ya kuthubutu kukikalia. Mle ghalani mlipangwa madaftari ya zamu ya miaka mia, kila siku na mstari wake, na Shaweji akaanza kusoma kwa furaha ya mtu aliyepata alichokitamani ujanani.

Furaha ilidumu mpaka mwaka wa tisa.

"Saa sita mchana," daftari lilisema. "Mfalme Mwanzilishi anakula. Mpwa wake anammiminia mchuzi. Mfalme anashika koo, anaanguka. Kikosi hakikutikisika. Saa sita na nusu, Mpwa amevaa taji. Amesifu sana nidhamu. Wote wamepandishwa cheo."

Shaweji akafikiri amesoma vibaya. Akafungua mwaka wa ishirini na sita. "Saa tatu asubuhi. Mfalme yuko barazani anapunga mkono. Shemeji yake anamsukuma. Mfalme anaanguka ghorofa tatu. Kikosi hakikutikisika. Mfalme Shemeji amempa kila mlinzi blanketi." Mwaka wa hamsini na moja, Mfalme Shemeji alivikwa shali na binamu yake siku ya kuzaliwa kwake, na shali ikakazwa mno. Kikosi hakikutikisika. Walipewa ng'ombe wawili wachinje. Wa nne sisemi alikufaje, maana jamaa zake wangali wanaalikwa kwenye karamu.

Kwa ufupi, katika miaka mia moja walinzi wa Mfalme hawakuwahi kumlinda Mfalme. Walichokuwa wakilinda, bila ya kukusudia, ni yule aliyemuua. Na kila muuaji, akishavaa taji, alitazama nyuso arobaini zilizotulia, akashukuru moyoni, akagawa nishani.

Wa tano Shaweji hakuhitaji kumsoma. Alifungua ukurasa wake tu ili aone mwandishi wa zamu aliandika nini. Miaka kumi na mmoja iliyopita: "Saa nne asubuhi. Mfalme Rehani amefariki kwa kikohozi. Kikosi hakikutikisika."

Kikohozi kile kilikuwa na mikono miwili, na kwenye kidole kimoja pete. Shaweji alikuwa hatua sita kutoka pale.

Mfalme Rehani alikuwa mtu mwembamba, mwenye mafua ya mara kwa mara, na hakuwa na makuu. Akipita kwenye nguzo ya kushoto aliuliza, "Shaweji, umekula?" na kwa kuwa mlinzi haruhusiwi kujibu, Mfalme alijijibu mwenyewe, "Hujala wewe," akaacha nusu ya chungwa lake kwenye ukingo wa nguzo. Asubuhi ile alikuwa amesinzia kwenye kiti cha enzi. Mdogo wake Yakuti akaingia, akachukua mto wa kiti wenye nakshi za dhahabu, akamfunika nao uso. Miguu ya Rehani ikapiga sakafu. Mto ukateleza kidogo, jicho moja likatokea, likaitafuta nguzo ya kushoto, na sauti ikatoka chini ya dhahabu, mara moja tu: "Shaweji!"

Shaweji alisimama.

Baada ya wiki moja alishonewa tepe za sajini.

Akalifunga daftari, akatokea uani nyuma ya jiko la ikulu. Kisha akaenda nyumbani mchana kweupe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alimkuta Mize anakamua koti la sufu la akiba. Akashika upande wa pili wa koti, wakalisokota pamoja, na huku maji yakichuruzika akamwambia yote. Mize hakuliachia koti mpaka alipomaliza.

"Miaka kumi na mmoja unalala na hilo?" akauliza.

"Silali."

"Mimi nikadhani ni magoti."

Wakalianika koti.

Kazi ya kuandika ikaendelea, kwa sababu amri haingojei mtu atulie. Kila ukurasa ulipelekwa kwenye Kamati ya Kukumbuka Inavyotakiwa, ambayo mwenyekiti wake alikuwa Mheshimiwa Nasibu, Waziri wa Kumbukumbu, mtu mnene mwenye sauti laini na mikono iliyokuwa ikinukia sabuni ghali. Kamati iliona kwamba neno "kuuawa" linachafua karatasi. Likabadilishwa kuwa "kukabidhi madaraka kwa haraka." Ikaona pia kwamba historia ya jeshi isiyo na vita ni kama pilau isiyo na nyama, hivyo viwekwe vita. Tatizo likawa adui. Kila nchi iliyopendekezwa, balozi wake alikuwa amealikwa kwenye sherehe.

"Andika adui ambaye hakupenda jina lake litajwe," akasema Waziri Nasibu.

Shaweji akaandika kwamba mwaka wa arobaini adui ambaye hakupenda jina lake litajwe alikuja na watu elfu sitini, akawakuta Wasiotikisika wamesimama, akawatazama siku tatu, akachoka, akarudi kwao. Kamati ikapiga makofi. Mjumbe mmoja alifuta machozi. Babu yake, alisema, aliwahi kumsimulia vita hivyo.

Zilipobaki siku nne, Jemadari Ngwali akaja mwenyewe ghalani, akafunga mlango.

"Umefika ukurasa wa ngapi?"

"Tisini na tisa, Afande."

"Huo wa mia uache mweupe."

"Nitaandika nini huko baadaye, Afande?"

"Kitakachotokea." Jemadari akakohoa. "Siku ya sherehe Waziri Nasibu atamkabidhi Mfalme upanga wa heshima. Atamkabidhi kwa karibu sana. Unanielewa? Kisha utaandika kwamba Mfalme Yakuti alikabidhi madaraka kwa haraka. Wewe kazi yako ni ipi?"

"Kusimama, Afande."

"Ndiyo maana nakupenda," Jemadari akasema. "Watakushonea tepe ya nne."

Shaweji alifunga ghala, akatoka. Kwa kuwa alikuwa mtu wa utaratibu, alikwenda moja kwa moja kwenye Ofisi ya Kupokea Habari za Hatari kwa Mfalme. Alimkuta karani anachonga penseli.

"Nina habari ya hatari kwa Mfalme."

"Karibu sana, Sajini. Ni hatari ya lini?"

"Jumamosi."

"Aa, hiyo bado ni hatari tarajiwa. Fomu yake ni ya kijani." Karani akampa. "Jaza jina lako, jina la anayehatarisha, na hapa chini yeye mwenyewe aweke sahihi kuthibitisha."

"Nani aweke sahihi?"

"Anayehatarisha. La sivyo itakuwa uzushi. Kisha ipigwe muhuri na Waziri wa Kumbukumbu, Mheshimiwa Nasibu, ndipo tumpelekee Mfalme."

Shaweji aliikunja fomu ya kijani, akaitia mfukoni, akashukuru. Hapakuwa na ofisi nyingine. Na kumfikia Mfalme mwenyewe ilikuwa haiwezekani: mlinzi aliyefungua kinywa mbele yake hakuwahi kuwepo.

Ijumaa mchana, Mize akimkanda magoti, akamuuliza bila ya kumtazama, "Kwani huyo Yakuti anastahili?"

"Hastahili."

"Alimuua ndugu yake."

"Mbele yangu."

"Sasa ya nini, mume wangu? Si wauane tu wao kwa wao?"

Shaweji alitafuta maneno, akakosa yaliyo mazuri, akatumia aliyokuwa nayo. "Siendi kwa ajili yake. Siwezi kuona mara ya pili, Mize. Nikiona tena nikanyamaza, hata wewe utakuwa unakanda maiti."

"Ukitikisika watakufanya nini?"

"Sijui. Hakuna aliyewahi kutikisika. Hakuna hata adhabu iliyoandikwa."

Mize akaongeza mafuta, akakanda goti la kulia kwa nguvu zake zote, kisha la kushoto, na akaendelea kukanda mpaka maji yakapoa.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Mabalozi walikaa safu tatu, na wake zao wakijipepea. Msomaji wa ikulu akasoma kurasa tisini na tisa kwa sauti ya kuimba. Alipofika kwenye watu elfu sitini, balozi mmoja aliinama kumwambia mwenzake kwamba anawafahamu hao. Kisha Waziri Nasibu akasimama na upanga juu ya mto mwekundu.

"Mtukufu Mfalme," akasema kwa ile sauti laini, "jua letu, mvua yetu, paa letu na sakafu yetu, pokea kwa mkono wa mja wako kile ambacho taifa zima limekutamania kwa muda mrefu."

Jemadari Ngwali akaanza kutazama dari. Waziri akapanda ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu, na hakupiga magoti. Akaushika mpini.

Hatua ya kwanza ya Shaweji kutoka kwenye nguzo ya kushoto ilialika kama tawi kavu, na ukumbi mzima ukaisikia. Ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Ya tatu haikuwa hatua, magoti yalikataa kabisa, akaanguka kwa urefu wake wote, koti, kofia na mkuki, akamfunika Waziri wa Kumbukumbu kama kabati lililopinduka. Upanga ulichana mkono wa kiti cha enzi, ukampasua Shaweji kiganja.

Wake wa mabalozi wakapiga yowe. Hawakupiga kwa ajili ya upanga.

"Ametikisika!" mtu mmoja akanong'ona, na neno likazunguka ukumbi.

Waziri Nasibu alijinasua, akajipangusa. "Mtukufu, nilikuwa nakukabidhi heshima yako, mlinzi huyu akanivamia."

Mfalme Yakuti hakuwa mjinga. Njia ya kupanda kwenye kile kiti aliijua, aliipita mwenyewe, na aliutambua mwendo wa mtu aliyekuwa akiipita. Lakini hakumtazama Waziri. Alikuwa akimtazama Shaweji aliyelala sakafuni akivuja damu.

"Kumbe mnaona," Mfalme akasema polepole. "Miaka yote hii. Kumbe mnaona."

"Hawaoni, Mtukufu!" Jemadari akaruka. "Hawa ni nguzo! Huyu mmoja ni hitilafu."

Kosa la kutikisika halikuwamo katika sheria yoyote, kwa hiyo Bunge likaitwa alasiri ileile, likatunga sheria, likaipitisha kwa makofi, na likaifanya ianze kutumika tangu asubuhi. Shaweji akahukumiwa kunyongwa. Waziri Nasibu, kwa kuwa alikuwa ameumizwa hisia, akapandishwa kuwa Waziri Mkuu. Hukumu ilichelewa kutekelezwa kwa sababu moja tu: kamba ilikuwa lazima inunuliwe kwa zabuni, na wazabuni watatu walikuwa wamekata rufaa.

Siku ya tano mlango wa selo ulifunguliwa mchana, akaingia Mfalme peke yake, bila taji. Bila taji alikuwa mfupi. Akatafuta pa kukaa, akageuza ndoo, akakaa.

"Nataka kukuuliza jambo moja," akasema. "Siku ile. Kaka yangu alisema neno. Mimi nilikuwa napumua kwa nguvu, sikulisikia sawasawa. Alisema nini?"

"Alisema Shaweji, Mtukufu."

"Na nini tena?"

"Basi."

"Hakusema Yakuti?"

"Hapana, Mtukufu."

Mfalme akasugua goti kwa kiganja kama mtoto aliyeanguka. "Tulinyonya titi moja," akasema. "Angeniita mimi, ningeuondoa ule mto. Wallahi ningeuondoa. Nilikuwa nangoja aniite."

"Mtukufu," Shaweji akasema, "mimi aliniita. Na sikwenda."

Wakatazamana, wale wawili tu waliobaki duniani waliokuwamo asubuhi ile wakijua walichokifanya. Kwa kitambo kidogo ilielekea kama Mfalme atasema neno ambalo mfalme hasemi. Kisha akainuka, akairudisha ndoo ilivyokuwa.

"Waziri atarudia, Mtukufu," Shaweji akamwambia.

"Najua."

"Sasa mbona umempandisha?"

"Nikimwondoa yeye, nitabaki na nani anayenielewa?" Mfalme akasema, akagonga mlango afunguliwe.

Matunda ya mazungumzo yale yalikuwa amri moja. Kofia za Wasiotikisika zikaongezwa ngozi mbele, zikashuka mpaka puani, ili pasiwe na mlinzi atakayeona tena. Gazeti la serikali lilisifu mtindo huo mpya.

Wiki tatu baadaye, siku ya Jumatatu, Mfalme Yakuti alikuwa anakunywa uji. Mwandishi wa zamu aliandika kwa uaminifu: "Saa mbili asubuhi. Mfalme amekabidhi madaraka kwa haraka. Kikosi hakikutikisika, wala hakikuona."

Mize alipata habari kwenye foleni ya maji. Wanawake walikuwa wakinong'onezana na kuinua ndoo zao kabla hazijajaa wakimbilie majumbani. Yeye aliiacha ndoo pale pale. Alielewa kwamba Nasibu hatangoja zabuni. Mtu aliyemwangusha mbele ya mabalozi atanyongwa leo, hata kwa kamba ya mbuzi. Na alielewa jambo jingine, kwa kuwa alikuwa mke wa mlinzi wa ikulu kwa miaka ishirini na miwili: mfalme akifa muhuri wake huvunjwa, na hakuna ofisa mwenye amri juu ya kitu chochote mpaka mfalme mpya apigiwe mizinga ishirini na mmoja. Akaazima toroli kwa mfyatua matofali jirani yake, akalisukuma mbio mpaka gerezani.

Mkuu wa gereza, Bwana Tindwa, alikuwa mezani amekaa mbele ya daftari lake, anafuta jasho.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Leo hakuna kutembelea."

"Sikuja kutembelea. Naomba kujua, mume wangu Shaweji anashikiliwa na nani?"

"Kwa amri ya Mfalme."

"Mfalme yupi?"

Bwana Tindwa akafungua daftari. "Mfalme Yakuti wa Pili."

"Yupo?"

"Hayupo, mama. Pole."

"Na huyu mpya?"

"Bado hajapigiwa mizinga. Nasikia taji halimwingii, wanalipanua."

"Sasa, baba, kwa saa hii, mume wangu ni wa nani?"

Bwana Tindwa akapekua mbele, akapekua nyuma. Alikuwa mtu wa utaratibu, na ukurasa wa siku ile ulikuwa mtupu. Akamtazama mwanamke aliyesimama mbele yake anahema, vumbi la matofali mpaka kwenye nyusi.

"Kwa saa hii, mama," akasema, "naona ni wako. Weka sahihi hapa kwamba umempokea."

Shaweji alitolewa amebebwa. Selo lilikuwa fupi kuliko yeye, na magoti yalikuwa yamekwisha kabisa. Mize akampakia kwenye toroli, akashika barabara ya mto, kwenye daraja la mpakani. Barabara ilikuwa tupu na milango ya maduka ilikuwa imefungwa. Mji mzima ulikuwa ukingoja uambiwe umpende nani.

Mzinga wa kwanza ulilia walipokuwa wanapita soko la ndizi.

"Mmoja," Shaweji akasema.

"Usihesabu."

"Wawili."

Mzinga ulikuwa mmoja tu, na mpigaji wake mzee, hivyo kila mlio ulingoja chuma kipoe. Hilo ndilo lililowapa njia. Mlio wa tisa uliwakuta kwenye mteremko. Wa kumi na nne, gurudumu la toroli likachomoka, likatangulia kuelekea mtoni peke yake. Mize akachuchumaa, akamvuta mumewe mgongoni, akamfunga kwa kanga kama afungwavyo mtoto, akainuka.

"Niache, Mize."

"Nyamaza, unanimalizia pumzi."

Kwenye kichwa cha daraja palikuwa na askari wawili wa mpaka. Karatasi yenye jina la Shaweji ilikuwa imekwisha kufika, imeandikwa vizuri. Lakini ilikuwa bado haina nguvu, na wale walikuwa askari waliofunzwa. Wakaanza kutembea pembeni yao, mmoja kulia, mmoja kushoto, na pingu wazi mkononi.

"Shikamoo, mama," mmoja akasema.

"Marahaba," Mize akajibu kwa pumzi fupi.

"Ikifika ishirini na moja tutamkamata. Usituchukulie vibaya."

"Nimeelewa, mwanangu."

"Huo ni wa kumi na saba," akasema yule mwingine.

Katikati ya daraja palichorwa mstari mweupe. Mize aliutazama mstari, na mstari ukawa hausogei. Shaweji alisikia moyo wa mkewe ukigonga kifuani kwake mwenyewe. Kumi na nane. Miguu ya Shaweji ilikuwa inaburuzika kwenye mbao. Kumi na tisa. Mize aliteleza, akaanguka goti moja, na wale askari wakasimama kumngoja, kwa adabu kabisa, kama watu wanaongoja mgonjwa avuke barabara. Akainuka. Ishirini.

Kisha kimya kirefu. Askari wakatazama juu, kuelekea ikulu. Hatua nne zilikuwa zimebaki, kisha tatu, kisha mbili, ndipo Mize akafungua fundo la kanga, akageuka, akamsukuma mumewe kwa nguvu zote alizobakiwa nazo. Shaweji alianguka upande wa pili kama gunia. Mzinga ukalia.

Askari wa kulia akamshika Mize kwa kanga iliyokuwa inaning'inia begani.

"Nimekwisha kuwa chini ya amri, mama," akasema.

Mize akaiachia kanga. Akauruka mstari akiwa na gauni la ndani na miguu inayovuja damu, na askari akabaki na kitambaa mkononi, akikitazama, maana karatasi yake haikusema chochote juu ya mwanamke.

Ofisa wa upande wa pili alikuwa mtu wa makamo mwenye miwani. Alivua koti lake la mvua akamfunika Mize, kisha akachuchumaa mbele ya Shaweji na daftari.

"Jina?"

"Shaweji."

"Unakimbia nini, bwana?"

Mize akamshika bega.

"Andika hili kwanza," Shaweji akasema. "Andika kwamba Mfalme Rehani hakufa kwa kikohozi. Aliuawa na ndugu yake, kwa mto, saa nne asubuhi. Aliomba msaada, na mtu aliyemwomba alikuwa hatua sita kutoka kwake."

Ofisa akaandika, kisha akainua macho. "Mtu huyo nani?"

"Mimi," akasema Shaweji, akangoja mpaka akaona kalamu imeliandika.